Anayemezwa na Asiyemezwa: Kweli na Uongo Kuhusu Seli Nyeupe

Ukimuuliza mtu yeyote mwili unajikinga vipi na maradhi, atakujibu kwamba seli nyeupe za damu ndizo askari wetu: mdudu akiingia, zinammeza. Ndivyo tulivyofundishwa darasani, na kwa kuanzia si vibaya. Lakini jibu hilo linaacha pengo. Kama askari wapo usiku na mchana, inakuwaje mtoto aliyeamka akicheza awe anahema kwa nimonia kufikia usiku wa manane?

Sehemu kubwa ya jibu iko juu ya mwili wa bakteria mwenyewe, katika molekuli za sukari na protini zilizomfunika, ambazo wataalamu huziita antijeni. Hizo ndizo zinazochangia kuamua kama atashikwa, ataponyoka, au atamezwa na bado aendelee kuishi. Madai yafuatayo husikika kliniki, kwenye daladala na kwenye makundi ya simu. Mengine hayadhuru. Mengine yanagharimu maisha ya watoto, na hayo nitayakalia zaidi.

"Seli nyeupe humeza kila bakteria anayekutana nazo."

Si kweli, na hili ndilo la msingi kuliko yote.

Kumeza kwenyewe kupo. Mwaka 1882, huko Messina katika kisiwa cha Sicilia, Élie Metchnikoff alichoma mwiba wa waridi ndani ya lava wa kiti cha pweza, kiumbe mdogo anayeonyesha kila kitu kwa kuwa mwili wake ni kama kioo. Asubuhi yake alitazama kwa darubini akakuta seli zinazotembea zimeuzingira mwiba ule. Kazi iliyoanzia hapo ilimpatia Tuzo ya Nobel ya mwaka 1908, pamoja na Paul Ehrlich.

Ila wapo bakteria ambao seli hizo huwagusa na kuwaacha. Mfano mkuu ni nyumokokasi, bakteria anayeongoza kwa kusababisha nimonia kali kwa watoto. Amejifunika utando mnene wa sukari uliojaa maji. Utando huo una chaji hasi ya umeme, kama ilivyo kwa uso wa seli nyeupe, kwa hiyo viwili hivyo husukumana. Zaidi ya hapo, utando huzifukia zile protini za ndani ambazo mwili ungezitambua kwa urahisi. Damu ina protini ziitwazo komplimenti ambazo kazi yake ni kujibandika juu ya mvamizi ili ashikwe. Kwa nyumokokasi, protini hizo hujibandika chini ya utando, mahali ambapo vipokezi vya seli nyeupe havifiki.

Mwaka 1928, Frederick Griffith wa Uingereza aliwadunga panya aina mbili za bakteria huyu. Aina yenye utando iliwaua. Aina isiyo na utando haikuwadhuru, maana miili yao iliwasafisha bakteria hao. Ushahidi ninaoupenda zaidi, hata hivyo, ulitoka New York miaka michache baadaye. Oswald Avery na René Dubos walichukua udongo wa shamba la kinamasi, wakapata ndani yake bakteria anayetoa kimeng'enya cha kuyeyusha utando wa nyumokokasi wa aina ya tatu. Kimeng'enya hicho hakimuui nyumokokasi. Ukikitia kwenye chupa ya maabara, anaendelea kuzaana bila wasiwasi. Lakini panya aliyeambukizwa na kisha kudungwa kimeng'enya hicho alipona, kwa sababu bakteria aliyevuliwa utando alimezwa na seli nyeupe zilezile zilizokuwa zimeshindwa kumshika. Seli hazikuongezwa nguvu wala idadi. Kilichoondoka ni utando.

"Kingamwili huua bakteria."

Mara nyingi si kweli. Kingamwili humwekea bakteria alama, na mwingine ndiye anayeua.

Mwaka 1903, katika Hospitali ya St Mary's jijini London, Almroth Wright na Stewart Douglas waliziosha seli nyeupe mpaka zikabaki bila hata chembe ya majimaji ya damu, wakazichanganya na bakteria katika maji ya chumvi. Zilimeza bakteria wachache mno. Waliporudisha majimaji ya damu, zikameza kwa wingi. Wakataka kujua majimaji hayo yanamfanyia kazi nani kati ya wawili hao, na wakagundua kwamba yanambadilisha bakteria, si seli. Anayeandaa kambale jikoni humsugua kwa majivu kwanza, maana mkono mtupu haumshiki. Kingamwili na komplimenti hufanya kazi ya majivu hayo.

Kingamwili ina umbo la herufi Y. Ncha zake mbili za juu hunasa antijeni ya bakteria, na huo mguu wa chini hubaki umechomoza nje. Seli nyeupe ina vipokezi vinavyoukamata mguu huo, kimoja baada ya kingine, mpaka ngozi yake imzungushe bakteria na kumfunga ndani. Stafilokokasi, yule wa majipu, amepata njia ya kuuvuruga mpango huu: ana protini juu yake inayoushika mguu wa kingamwili badala ya kungoja ncha. Kingamwili inakaa kichwa chini miguu juu, na seli nyeupe inakosa pa kushika.

Nimesema mara nyingi, si mara zote, kwa sababu wako bakteria, kama meningokokasi wa homa ya uti wa mgongo, ambao kingamwili zikishirikiana na komplimenti huwatoboa wakafa hapohapo bila kumezwa.

"Usaha ni uchafu wa damu unaotoka."

Si kweli. Usaha ni mabaki ya vita: nyutrofili waliokufa, yaani zile seli nyeupe zinazowahi kufika penye jeraha, pamoja na bakteria na tishu zilizooza. Uboho wa mifupa wa mtu mzima hutengeneza nyutrofili wapatao bilioni 100 kwa siku, na maisha yao ni mafupi. Lakini jipu lisikamuliwe nyumbani. Lipasuliwe na mhudumu wa afya.

"Seli nyeupe zikiwa nyingi, kinga imekuwa imara."

Si kweli. Mtu mzima mwenye afya huwa na seli nyeupe kati ya 4,000 na 11,000 hivi katika mikrolita moja ya damu. Zikipanda mno, kwa kawaida mwili unapambana na maambukizi, au kuna tatizo kubwa zaidi kama saratani ya damu. Hakuna cha kushangilia hapo.

Upande wa pili nao una jambo ambalo wengi hawajaambiwa. Watu wengi wa Afrika kusini mwa Sahara hawana antijeni iitwayo Duffy juu ya seli zao nyekundu, na kukosa huko huwakinga na aina mojawapo ya malaria, ile ya vivaksi. Badiliko hilohilo la jeni huwafanya wawe na nyutrofili wachache katika damu inayopimwa, ilhali hawaugui zaidi ya wengine. Viwango vingi vya kawaida viliwekwa kwa kuwatazama watu wa asili ya Ulaya. Kwa hiyo mtu wa Mwanza au Kisumu anaweza kupewa karatasi inayosema seli zake ziko chini, akaingiwa na hofu, akaenda kununua juisi ya kuongeza kinga. Juisi hiyo haijui antijeni hata moja. Fedha hiyo inunue mboga na samaki.

"Aliyewahi kuugua nimonia hawezi kuugua tena."

Si kweli, kwa sababu zaidi ya moja. Nimonia huletwa na virusi vya aina mbalimbali na bakteria wa aina mbalimbali. Na hata tukimchukua nyumokokasi peke yake, zimekwisha kutambuliwa aina 100 na ushei, kila moja ikiwa na utando wa sukari uliojengwa kwa namna yake. Kingamwili iliyoundwa kwa ajili ya aina ya 14 haiwezi kuishika aina ya 3. Aliyepona aina moja anasimama mbele ya nyingine kama mgeni kabisa.

Hapa ndipo chanjo ilipopata shida ya muda mrefu. Katika miaka ya 1970, Robert Austrian alijaribu chanjo ya sukari za utando huo kwa wachimbaji wa dhahabu wa Afrika Kusini, watu waliokuwa wakifa kwa nimonia ndani ya mabweni ya migodi, na ilifanya kazi. Kwa mtoto wa chini ya miaka miwili chanjo ya namna hiyo haifui dafu, kwa kuwa kinga yake changa haiitikii vizuri sukari ikiwa peke yake. Suluhisho lilikuwa kuiunganisha sukari na protini. Mwili wa mtoto unaiona protini, unaamka, na unajifunza kuitambua sukari pia, na kuikumbuka.

Kenya iliingiza chanjo hiyo, yenye aina 10 za nyumokokasi, Januari 2011. Tanzania ikaanza kutoa yenye aina 13 mwaka 2013. Huko Kilifi, Kenya, ambako watafiti wa KEMRI na Wellcome Trust wamekuwa wakifuatilia wagonjwa wa hospitali ya kaunti kwa miaka mingi, maradhi makali yanayoletwa na aina zilizomo kwenye chanjo yalishuka kwa asilimia 92 kwa watoto wa chini ya miaka mitano. Matokeo hayo yalitangazwa mwaka 2019. Ni mitaa tunayoijua na watoto tunaowajua, wala si takwimu za kuazima kutoka mbali.

"Bakteria hujibadilisha ili asitambuliwe."

Kweli.

Turudi kwa Griffith. Aliwachanganya bakteria wenye utando aliokwisha kuwaua kwa joto na bakteria hai wasio na utando, akamdunga panya. Panya akafa, na katika damu yake wakapatikana bakteria hai waliovaa utando. Wale hai walikuwa wamechukua urithi wa wafu. Mwaka 1944 Avery, Colin MacLeod na Maclyn McCarty walionyesha kwamba kilichopokelewa ni DNA. Jambo hili linaendelea ndani ya pua za watoto wetu leo, kwani nyumokokasi wa aina tofauti hukaa humo pamoja na kubadilishana jeni za utando. Chanjo ikizibana aina fulani, aina nyingine huchukua nafasi. Ndiyo maana chanjo mpya hutolewa zikiwa na aina nyingi zaidi. Asikudanganye mtu kwamba mabadiliko hayo ni ushahidi kuwa ya kwanza ilikuwa bure.

"Bakteria akishamezwa, amekwisha."

Wengi kweli hukwisha. Akishafungiwa ndani ya kifuko, vifuko vingine humwaga humo asidi na vimeng'enya, na nyutrofili hutengeneza kemikali kali ya klorini, ileile iliyomo katika dawa ya kung'arisha nguo nyeupe. Ni wachache wanaotoka salama.

Hao wachache ndio wenye majina makubwa. Bakteria wa kifua kikuu hukubali kumezwa na makrofeji, yaani seli nyeupe kubwa za kumeza, wa mapafu, kisha huzuia kifuko alichomo kisiungane na vile vya asidi, akaishi humo kwa miaka. Brusela, anayetufikia kwa maziwa mabichi na kwa kuzalisha mifugo, naye hustahimili ndani ya makrofeji, na antijeni ya sukari iliyo juu yake ni sehemu ya ustahimilivu huo. Chemsha maziwa.

Salmonela Typhi, anayeleta homa ya matumbo, yaani taifodi, anacheza pande zote mbili. Ana utando wa sukari uitwao Vi, uliogunduliwa London mwaka 1934 na Arthur Felix na Margaret Pitt. Utando huo humsaidia kuwakwepa nyutrofili na kuzuia komplimenti isimbandike alama. Lakini kwa makrofeji huingia, akajificha ndani yao, na wao humsafirisha mpaka kwenye ini, bandama na uboho wa mifupa. Homa hupanda taratibu siku baada ya siku wakati yeye akizaana ndani ya seli zilizopaswa kumuua.

"Widal imetoka chanya, kwa hiyo nina taifodi."

Si kweli, na kwa maoni yangu hili ni miongoni mwa makosa ya kitabibu yanayotugharimu sana Afrika Mashariki.

Kipimo hiki kina jina la Fernand Widal wa Ufaransa, aliyekieleza mwaka 1896. Fundi wa maabara huchukua tone la majimaji ya damu yako, akalichanganya kwenye kibao na bakteria waliokufa. Kama una kingamwili dhidi ya antijeni zao mbili, O ya mwilini na H ya mikia ya kuogelea, bakteria hushikamana na unaona chembechembe kwa macho. Kwa hiyo kinachopimwa ni kumbukumbu ya mwili wako. Bakteria hai hatafutwi kabisa. Kumbukumbu hiyo yaweza kuwa ya maambukizi ya mwaka juzi. Yaweza kuwa ya Salmonela nyingine, maana jamii hiyo inashirikiana antijeni. Hata malaria inaweza kukitibua kipimo. Katika nchi ambazo watu wengi wamewahi kukutana na bakteria hawa, karatasi iliyoandikwa 1:80 au 1:160 mara moja tu haitoshi kumhukumu mtu.

Tazama jambo moja linalotokea maabara. Typhi aliyetoka kuoteshwa kwenye damu ya mgonjwa, akiwekewa kingamwili halisi za antijeni O, mara nyingi hashikamani. Fundi asiyejua atasema si Typhi. Anayejua atachukua bakteria haohao, awachemshe, awapoze, arudie, na papo hapo watashikamana. Kilichotokea ni kwamba Vi ilikuwa imeifunika O, na maji ya moto yameiondoa. Hivyo ndivyo antijeni moja inavyoificha nyingine, na ndivyo inavyoificha hata ndani ya mwili wako.

Njia inayoaminika zaidi ni kuotesha damu kabla mgonjwa hajaanza dawa. Nayo huwakosa wagonjwa wengi, inachukua siku kadhaa, na vituo vingi vidogo havina uwezo huo. Ugumu huo ni wa kweli na wahudumu wanaufahamu. Lakini kumpa kila mwenye homa sindano za taifodi kwa sababu ya kibao kimoja kunawaacha wenye malaria au brusela bila tiba sahihi, na kunawafundisha bakteria usugu. Aina za Typhi zisizosikia dawa kadhaa zimekwisha kuenea katika ukanda wetu.

Habari njema ni kwamba Vi, silaha yake, imegeuzwa kuwa chanjo kwa kuunganishwa na protini, kama ilivyofanyika kwa nyumokokasi. Huko Blantyre, Malawi, jaribio lililohusisha watoto wapatao 28,000, lililochapishwa mwaka 2021, lilionyesha kinga ya asilimia 80 na zaidi. Malawi iliiingiza mwaka 2023, na Kenya ikaanza kuitoa Julai 2025 pamoja na ya surua na rubela. Maji safi na choo bado ni lazima.

"Mtoto wa sikoseli huugua kwa sababu damu yake ni haba."

Nusu kweli, na nusu inayokosekana ndiyo inayoua.

Upungufu wa damu humchosha na maumivu ya mifupa humtesa. Ila kinachomwondoa mtoto mdogo ghafla, mara nyingi, ni bakteria mwenye utando. Bandama ndiyo chujio la damu: mkondo unapita humo polepole sana, na makrofeji waliojipanga kwenye kuta zake huwashika hata bakteria ambao hawajawekewa alama za kutosha. Ndimo pia zinamotengenezwa kwa haraka kingamwili za kutambua sukari za utando. Seli nyekundu zilizojikunja kama mundu huziba mishipa yake mpaka, katika miaka ya mwanzo ya maisha, bandama inakufa kidogo kidogo. Seli nyeupe anazo tele. Amepoteza mahali pa kumnasa nyumokokasi, ambaye anaweza kujaa kwenye damu ndani ya saa chache.

Kilifi ilituonyesha hili mwaka 2009. Kati ya watoto wenye sikoseli waliolazwa na bakteria kwenye damu, nyumokokasi alihusika kwa asilimia 41, akifuatiwa na Salmonela zisizo za taifodi. Na tangu 1986 tunajua la kufanya. Katika jaribio la Marekani, watoto 110 wenye sikoseli walipewa kidonge kisicho na dawa na 105 wakapewa penisilini ya kumeza mara mbili kwa siku. Katika kundi la kwanza 13 walipata maambukizi makali ya nyumokokasi na watatu wakafariki. Katika kundi la penisilini waliougua ni wawili, na hakuna aliyefariki kwa maambukizi hayo. Jaribio lilisitishwa kabla ya muda wake ili wote wapewe dawa.

Tanzania ni miongoni mwa nchi chache duniani zinazoongoza kwa idadi ya watoto wanaozaliwa na sikoseli, na Uganda, Kenya na Kongo nazo zina wengi. Penisilini ni dawa ya bei nafuu. Mzazi mwenye mtoto wa namna hii, nakuomba: mpime mapema kama hujampima, kamilisha chanjo za wiki ya 6, 10 na 14, muulize daktari wake kuhusu penisilini ya kila siku hadi afikishe angalau miaka mitano, na siku akipata homa, hata iwe saa nane za usiku, usimpe panado ukangoja kupambazuke. Mpeleke hospitali saa hiyohiyo.